Mwendo wa Gwakisa

1

Mwalimu Tumpe alisikia sauti mbili ndani ya chumba cha kusomea, na humo alikuwa amemwacha mtoto mmoja tu.

Alisimama barazani, funguo mkononi. Ukungu wa asubuhi ulikuwa umeshuka milimani mpaka ukafunika mlingoti wa bendera, na watoto waliokuwa wakifagia uwanja walisikika tu, hawakuonekana. Ndani, Bupe alikuwa akisoma kwa sauti, kama alivyotakiwa kufanya kila siku kabla ya kengele ya mstarini.

"Kuku wa bibi ametaga chini ya kitanda," alisoma Bupe. Kisha akanyamaza.

"Chini ya kitanda," ikaitikia sauti ya pili, ya chini, kama ya mtu anayebembeleza mtoto.

"Bibi hakujua," akaendelea Bupe.

"Hakujua."

Tumpe akausukuma mlango. Bupe alikuwa peke yake kwenye benchi, kitabu mapajani, mkanda wa kijivu umemkaa kichwani juu kidogo ya masikio. Dirisha lilikuwa wazi na ukungu ulikuwa unaingia taratibu kama mgeni asiyebisha hodi. Hapakuwa na mtu mwingine.

"Ulikuwa unasoma na nani?"

Bupe alimtazama kwa mshangao. "Na darasa, Mwalimu."

"Darasa liko nje linafagia."

"Mbona limeitikia?" alisema Bupe, akajikuna sikio la kushoto, akarudi kwenye kitabu chake.

Jamani, mwili ulimsisimka Tumpe. Si kwa ile sauti, maana sauti inaweza kuwa ya mtoto mtundu aliyejibanza nyuma ya ukuta. Ni lile sikio. Katika miaka yake yote ya ualimu alikuwa amemwona mtoto mmoja tu anayejikuna sikio la kushoto kila anapomaliza ukurasa, naye aliitwa Gwakisa. Mkanda ulikuwa umechukua macho ya Gwakisa na pumzi zake, haukuchukua mikono. Na Gwakisa mwenyewe alikuwa kaburini tangu likizo.

2

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Wakubwa wa elimu waliusema msemo huo tangu enzi za mababu huku kuta zikibomoka mbele ya macho yao, mpaka ilipokuja Kurunzi ndipo wakaziba ufa kweli. Kurunzi ilikuwa kidude cha ukubwa wa kipande cha sabuni. Kila mtoto wa darasa la kwanza, kabla hajazoea hata njia ya chooni, alikalishwa mbele yake akaonyeshwa herufi, nayo ikayatazama macho yake yanavyotembea. Taa ya kijani, nenda ukacheze. Taa nyekundu, huyu asiposaidiwa sasa atafika darasa la saba anajua kuandika jina lake tu, na hilo kwa kukariri. Zamani watoto wa namna hiyo waliitwa wazito, wakachapwa, wakaketishwa nyuma. Siku hizi walivishwa mkanda.

Mkanda ulifanya kazi kwa kuazima. Mtoto mwenzake, wa darasa lile lile na vitabu vile vile, anayesoma vizuri, alivishwa mkanda kwanza akasoma. Mkanda ukauchukua mwendo wake: macho yanaruka wapi, pumzi inaingia wapi, na ule mshtuko mdogo kichwani pale herufi zinapogeuka kuwa neno. Kisha ukahamia kwa yule wa taa nyekundu, ukawa unamshika mkono kwa ndani, hatua kwa hatua, mpaka njia yake mwenyewe ifunguke. Kwa mtu mzima haukushika, ubongo umeshakomaa. Na mwendo wa mtoto haukuhifadhiwa popote pengine. Ilikuwa sheria, tangu wazazi fulani wa mjini walipoanza kuuza mwendo wa watoto wao wenye akili kama watu wanavyouza miche ya parachichi. Uliishi ndani ya mkanda mmoja, na mkanda ukivuliwa kichwani mwa aliyeazima, aliyeuvaa usiku na mchana, ulijifuta, tayari kwa mtoto mwingine.

Sharti lilikuwa moja. Muhula wa pili ukiisha, mkanda uvuliwe. Mgonjwa asiyeweka gongo chini mguu wake hunyauka, na mwendo wa kuazima ukikaa kwa mtoto kupita wakati wake huota mizizi ndani yake, akasoma hivyo maisha yake yote. Nguo ya kuazima haisitiri makalio, Tumpe alipenda kuwatania wazazi hivyo siku ya kuwavalisha watoto, nao walicheka.

Bupe alitoka na taa nyekundu kali. Gwakisa ndiye aliyekuwa kinara wa darasa. Kitabu cha maelekezo kilisema mtoto achukuliwe mwendo akiwa peke yake, chumba kimya, lakini waliokiandika bila shaka hawakuwahi kufundisha darasa lenye watoto wengi kuliko vitabu. Huku, kusoma ni kwa kuitikia. Kiongozi anasoma sentensi, darasa linarudisha maneno ya mwisho, twende mbele. Gwakisa alipofungiwa peke yake alisoma sentensi moja akakaa, anasubiri. Tumpe akamwambia endelea, mtoto akamtazama tu. Basi shida ikamalizwa kienyeji: darasa zima likaingizwa, likaketi nyuma ya Gwakisa, likaitikia kama kawaida, na mtoto akasoma kama maji. Mkanda haukuchukua sauti za wenzake, ila ulichukua kusubiri kwake. Tumpe alikiona kile kimya kidogo kwenye vipimo, akadhani ni pumzi, akapitisha.

Darasani hakuna aliyegundua. Bupe alisoma, akangoja, wenzake wakaitikia, kila kitu kikawa kama kinavyokuwa siku zote.

3

Kesho yake Tumpe hakungoja barazani. Bupe alipoanza kusoma, yeye alizunguka nyuma ya jengo, akipita kwenye majani marefu ya mabingobingo yaliyolowa mpaka sketi ikamganda magotini. Aliliona kwanza gunia la nailoni, lile wanalojifunika wachuma chai. Chini ya gunia alichuchumaa mwanamke, shavu karibu na ukuta, chini kabisa ya dirisha.

"Mpaka nyumbani," alinong'ona yule mwanamke.

"Mama Gwakisa!"

Hakushtuka hata kidogo. Aliinua mkono kumnyamazisha Tumpe, kama mtu anavyomnyamazisha mtoto kanisani, akangoja Bupe asome sentensi nyingine, akaiitikia. Ndipo akageuka. Macho yake yalikuwa makavu, na usoni alikuwa na furaha, na hiyo furaha ndiyo iliyomtisha Tumpe.

"Unafanya nini hapa, mwenzangu? Utapata kichomi."

"Namwitikia. Nisipomwitikia anakwama."

"Yule ni Bupe."

"Namjua Bupe, bibi yake ni jirani yangu. Sijarukwa na akili, Mwalimu." Alijifuta maji ya ukungu kwenye kope. "Siku ya kwanza nilikuwa napita tu, naenda shambani. Nikasikia. Nikajua ni yeye kabla sijajua ni kitu gani. Anavuta pumzi hapa," akajigusa chini ya koo, "halafu analiminya neno la kwanza. Akasoma, akangoja. Akangoja, akangoja, kimya. Mwanangu anangoja na hakuna mtu! Ungekuwa wewe ungepita?"

Tumpe alichuchumaa naye majanini, na kwa kitambo walisikiliza pamoja. Alimwonea huruma, na chini ya huruma kulikuwa na woga, maana yeye pia sasa alikuwa akimsikia Gwakisa.

"Video zake si unazo?" aliuliza mwishowe.

"Ninazo. Zinarudia yale yale. Anacheka pale pale, anajikwaa pale pale. Huyu leo amesoma kitabu ambacho Gwakisa hakuwahi kukiona. Kitabu kipya, Mwalimu. Maiti hasomi kitabu kipya."

"Muhula unakaribia kwisha, Mama Gwakisa. Mkanda utavuliwa."

"Halafu?"

"Unajifuta."

Mama Gwakisa alimshika Tumpe mkono kwa vidole vyenye ugumu wa kazi. "Basi usiuvue. Nakuomba, nimekupigia magoti, si unaniona niko chini? Kwani Bupe anapungukiwa nini? Mtoto anasoma. Ndicho mlichokuwa mnakitaka, au sicho?"

Ndani, Bupe alikuwa amefika mwisho wa sentensi. Alinyamaza. Mama Gwakisa alikuwa amesahau, macho yake kwa Tumpe. Kimya kile kikaendelea, kikaendelea, mtoto hageuzi ukurasa wala hakohoi. Ikawa kama mtu amesimama nyuma ya ukuta akiwasikiliza wao.

"Alfajiri," Tumpe akaitikia, akajishangaa mwenyewe.

Bupe akaendelea kusoma.

4

Muhula ukafungwa, ukafunguliwa mwingine, na mkanda haukuvuliwa.

Tumpe alijitetea kwamba si yeye peke yake. Mwalimu Mkuu Sanga, mtu wa kitambi cha heshima na maneno laini, alimwita ofisini na kumwambia wakaguzi wanakuja. "Bupe ndiye msomaji wetu, Mwalimu. Taa nyekundu iliyosoma! Sasa unataka umvue leo, kesho aanze ba, be, bi mbele ya wageni? Mwache kidogo. Kidogo tu." Bibi yake Bupe naye alikuja na mkungu wa ndizi kushukuru, akaapa kwamba hata nyumbani mjukuu wake anasoma Zaburi na yeye anaitikia amina, na mambo yanakwenda. Kila mtu alikuwa na sababu yake nzuri. Tumpe alizipokea sababu zao kwa shukrani, maana kila asubuhi alipomwona Mama Gwakisa ameketi sasa ndani ya chumba, kwenye benchi, amesuka nywele kama mtu anayekwenda kuonana na mtu, hakuwa na ubavu wa kufungua mdomo.

Kilichomwamsha ni kitabu cha darasa la tatu.

Alikuwa amekileta makusudi, maana Bupe alikuwa amemaliza vyote vya chini. Ilikuwa habari ya jiwe lililoanguka kutoka angani. Bupe alisoma vizuri mstari wa kwanza. "Wazee walisema usiku ule waliona," akasoma, kisha, "kikianguka mlimani."

"Umeruka neno," alisema Tumpe. "Rudia."

"Waliona, kikianguka mlimani."

Tumpe akaweka kidole chini ya neno lenyewe, kimondo. "Hapa. Hapa pameandikwa nini?"

Bupe akainama mpaka pua ikakaribia karatasi. Macho yake yalikwenda mpaka kwenye neno, yakafika ukingoni mwake, yakarukia upande wa pili kama mbuzi anavyoruka mfereji. Akarudi, akaruka tena. "Hapo pako wazi, Mwalimu."

"Wazi vipi?"

"Hakuna kitu. Karatasi tupu."

Tumpe aliandika neno lile ubaoni, kubwa, kwa chaki nyekundu. Bupe alitazama ubao mzima kwa utiifu, juu mpaka chini, akasubiri mwalimu aandike. Tumpe akaandika lingine, na lingine, maneno ya darasa la tatu, na kila moja mtoto alilitazama kama ukuta mtupu. Ni maneno ambayo Gwakisa hakuwahi kujifunza. Alikufa kabla hayajamfikia.

"Bupe, mama," alisema Tumpe, akipiga goti mbele ya mtoto, "maneno haya mbona huyaoni?"

"Huko hatujafika."

"Hamjafika nani?"

"Sisi."

"Mtafika lini?"

Bupe alifikiri, akajikuna sikio. Alijibu bila huzuni yoyote, kama mtu anayeulizwa kama duka limefungwa. "Hatufiki."

Tumpe akachukua Kurunzi kabatini, akaiweka mbele ya mtoto, akaizima ile sehemu inayosoma mkanda ili imtazame Bupe mwenyewe, njia yake mwenyewe. Kidude kilikaa kimya muda mrefu kuliko kawaida. Taa haikuja ya kijani wala nyekundu, ikawa inapepesa baina ya hizo mbili kama isiyojua imemwona nani. Kwa dharau ya mashine iliandika kwamba mtoto arudiwe kupimwa.

5

"Umenileta nione nini?" aliuliza Mama Gwakisa. Walikuwa watatu ndani ya chumba cha kusomea, jua limejitokeza kidogo na paa la bati linalia kwa joto.

Tumpe alimwonyesha. Aliandika neno, Bupe akasema ubao ni mtupu. Akaandika lingine, Bupe akasema vile vile. Mama Gwakisa alisimama akaenda mwenyewe ubaoni, akalifuata neno kwa kidole herufi moja moja, akamgeukia mtoto. "Huoni mkono wangu unapita wapi?"

"Naona mkono, mama."

Mwanamke akaketi. Tumpe alimwambia yote: kwamba muda umepita tayari kwa ajili ya woga wake yeye Tumpe, kwamba labda mwendo umeshaota mizizi na kuvua hakutasaidia kitu, kwamba kama bado, kila siku inayoongezeka inamfungia Bupe mlango mwingine. "Atakuwa na miaka thelathini, Mama Gwakisa, na dunia yake itaishia pale ilipoishia ya Gwakisa. Atafika mwisho wa kila sentensi akingoja mtu amwitikie. Na siku hutakuwepo?"

"Ni wewe uliyemfundisha kusubiri," alisema Mama Gwakisa. Alisema polepole, na kila neno lilimwingia Tumpe. "Mwanangu hakuzaliwa hivyo. Ulimketisha mbele ya watu ukamfundisha kwamba hawezi kwenda mbele mpaka aitikiwe. Sasa amekwenda peke yake, na unataka nimnyamazie."

"Ndiyo," alisema Tumpe. "Ni mimi. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, siwezi kukudanganya kwamba naujua. Lakini huyu naye ana wa kwake. Bibi yake hajui anachokishangilia."

Bupe aliwatazama mmoja baada ya mwingine. "Gwakisa anavuliwa?" aliuliza.

Hadi siku ile hakuna mtu aliyekuwa amemwambia kwamba mkanda umebeba mwendo wa Gwakisa. Watoto huambiwa tu kwamba mkanda ni wa shule. Mama Gwakisa alifumba macho.

"Unamjua?" alimwuliza mtoto.

"Namsikia anavuta pumzi. Mimi navuta baadaye."

"Anaogopa?"

"Hapana," alisema Bupe. "Amechoka kusubiri."

Tumpe hakuwahi kujua, wala hatajua, kama lile lilikuwa jibu la mtoto aliyesikia maneno ya wakubwa sasa hivi, au jibu la nani. Mama Gwakisa hakuliuliza zaidi. Alichukua kitabu rafuni bila kuchagua, kidogo, chenye picha ya mbwa na baiskeli, akakiweka kwenye mapaja ya Bupe.

"Msomee mama yake chote," alisema. "Chote, usiruke."

Bupe akasoma. Mama Gwakisa aliitikia kila sentensi, sauti yake ikipanda badala ya kushuka, mpaka watoto uwanjani wakaacha mpira na kuja kuchungulia, na Tumpe akawafukuza kwa mkono. Mbwa alipotea, mbwa alitafutwa, mbwa alipatikana kwa fundi baiskeli. Kwenye sentensi ya mwisho Bupe alivuta pumzi chini ya koo, akaliminya neno la kwanza, akasoma mpaka mwisho, akanyamaza.

Mama Gwakisa akakawia. Alimtazama mtoto usoni, machoni kabisa, kana kwamba humo ndani kuna dirisha. "Wakarudi nyumbani wote," aliitikia, kwa upole sana. Kisha akauvua mkanda kwa mikono yake mwenyewe, kabla Tumpe hajasogea.

Taa ndogo ya mkanda ilipepesa, ikazimika. Bupe akapiga mwayo mrefu. Alijipapasa kichwa pale ulipokuwa mkanda, nywele zimelala alama. Mama Gwakisa aliushika ule mkanda kifuani, na Tumpe hakuwa na moyo wa kumwambia kwamba ni kipande cha mpira tu sasa.

"Mpe asome," alisema Mama Gwakisa.

"Si leo. Apumzike kwanza."

"Mpe asome, Mwalimu! Nataka kujua."

Tumpe akafungua kitabu kingine, kipya, kisichowahi kuguswa na yeyote kati yao. Alikiweka mbele ya Bupe. Aliomba kimoyomoyo, na alijua kwamba mwanamke aliyeketi kando yake anaomba pia, naye anaomba kinyume.

Bupe alitazama ukurasa kwa muda. Akaweka kidole chini ya neno la kwanza, jambo ambalo Gwakisa hakulifanya kamwe. "Fu," alisema. "Fundi." Ilikuwa sauti nzito kidogo, ya kukwaruza, sauti ya mtoto ambaye Tumpe hajawahi kumsikia akisoma. "Fundi che... chere... fundi cherehani a-na-sho-na." Jasho lilimtoka puani. Alilipigania kila neno kama mtu anayepanda mlima na mzigo wa kuni. "Ana-shona sare za... shule."

Kidole kikafika kwenye nukta. Mama Gwakisa alikuwa ameshainama mbele, midomo wazi, neno liko ulimini.

Kidole kikashuka mstari wa pili, na Bupe akaendelea kusoma. Mama Gwakisa akafunga mdomo wake.